Mizani ya Mwili: Neno "Kawaida" na Umbo la Mwanamke katika Kiswahili

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili kwa mlango wa tafsiri, ipo moja ambayo mwanaisimu huipita kwa urahisi kwa kudhani kwamba ni mali ya waganga na wauguzi peke yao. Istilahi hiyo ni "uzito wa kawaida". Hutumika katika vijitabu vya afya, katika vipindi vya redio na katika mazungumzo ya kliniki, na maana yake ni mahsusi. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa mraba wa kimo chake kwa mita, na jawabu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, mtu huyo huhesabiwa kuwa ni wa kawaida. Likishuka chini ya hapo, uzito ni pungufu. Likifika 25, umezidi. Likifika 30, huo ni unene wa kupindukia. Kwa hesabu hiyo, mwanamke mwenye kimo cha mita 1.60 ni wa kawaida akiwa na kilo 48, ni wa kawaida vilevile akiwa na kilo 63, na akifika kilo 65 si wa kawaida tena.

Si shabaha ya makala haya kubishana na waganga. Kwamba unene uliopindukia huambatana na kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya viungo ni jambo lililothibitishwa, na mhakiki wa fasihi hana la kuongeza hapo. Linalohojiwa ni neno lililochaguliwa kubeba maarifa hayo, na jinsi linavyokutana na namna ambayo Kiswahili chenyewe, katika mazungumzo na katika utunzi, kimezoea kuutazama mwili wa mwanamke. Itadaiwa kwamba Kiswahili kina mizani yake katika jambo hili, kwamba mizani hiyo si ile inayodhaniwa na wengi, na kwamba mfasiri aliyeandika "kawaida" ameipindua pasipo kujua.

Neno "kawaida" lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake inahusu misingi na kanuni. Katika Kiswahili limeteremka kutoka kwenye kanuni likakaa kwenye mazoea. Chakula cha kawaida ni kile kinacholiwa kila siku; nguo ya kawaida si ya sikukuu; na mtu aliyeulizwa hali akajibu "ya kawaida" hajasema kwamba hali yake ni njema, amesema tu kwamba haina jipya. Neno la Kizungu alilokuwa nalo mfasiri lilikwenda safari ya namna nyingine. Katika Kilatini, norma ilikuwa kipimapembe cha seremala, yaani chombo cha kubainisha ubao ulionyooka na ule uliokwenda kombo. Baadaye, hasa katika karne ya 19, neno lililozaliwa humo likatwikwa kazi mbili kwa pamoja: kutaja kilicho cha wengi, na kutaja kilicho sahihi. Mbelgiji Adolphe Quetelet (1796–1874), mtaalamu wa nyota na takwimu, ndiye aliyeivumisha dhana ya mtu wa wastani, na ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1830 kwamba uzito wa watu wazima huelekea kufuatana na mraba wa kimo. Alikuwa akitafuta sheria za jamii nzima, wala hakuwa akipima unene wa mtu mmoja mmoja. Hesabu yake ilipewa jina inalojulikana nalo sasa na Mmarekani Ancel Keys na wenzake mwaka 1972, katika uchunguzi uliohusu watu zaidi ya 7,000 wa nchi tano. Wote walikuwa wanaume.

Mpaka wenyewe nao umehama. Huko Marekani, hadi mwaka 1998, mwanamke alihesabiwa kuwa na uzito uliozidi alipofika 27.3. Mwaka huo mpaka ukateremshwa hadi 25, na mamilioni ya watu waliolala wakiwa wa kawaida wakaamka si wa kawaida, pasipo yeyote kuongezeka hata ratili moja. Nchini Kenya, uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 uliona kwamba wanawake 33 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa juu ya mpaka huo, na 9 walikuwa chini ya 18.5. Yaani wanawake 42 katika kila 100 hawakuwa wa kawaida kwa maana ya chati. Kwa maana ya Kiswahili, hata hivyo, mwili unaoonekana kwa thuluthi ya wanawake sokoni, kanisani na arusini ni wa kawaida kabisa. Muuguzi hulitamka neno kwa maana ya seremala. Mama hulisikia kwa maana ya soko. Ndiyo maana mazungumzo haya mara nyingi huishia katika kicheko au katika hasira, na kila mmoja huondoka akiamini kwamba mwenzake hakuelewa.

Hapa hujitokeza hoja iliyozoeleka, kwamba Mwafrika husifu unene na Mzungu husifu wembamba, na kwamba basi ugomvi huu ni wa mila mbili tu. Hoja hii hupendwa kwa sababu ni fupi. Lugha haiiungi mkono.

Vivumishi "-nene" na "-embamba" vipo, lakini makao yake hasa ni katika vitu: mti mnene, kamba nene, uzi mwembamba, njia nyembamba. Vikitumiwa kwa mtu huwa na ubaridi fulani, kama maelezo yanayotolewa kwa askari anayemtafuta mtu asiyemjua. Anapozungumziwa mtu anayejulikana, Kiswahili hukimbilia kitenzi, tena kitenzi chenye "-me-": amenenepa, amekonda, amenawiri, amesinyaa, amedhoofu, amepata mwili. Katika "nenepa" yenyewe mna kiambishi kilekile kinachoonekana katika "oga" na "ogopa", kinachogeuza sifa kuwa tendo la kuingia katika hali. Aliyesema "amenenepa" hajamlinganisha mwanamke huyo na wanawake wengine. Amemlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Shangazi amfikiapo mtoto wa kaka yake aliyeolewa mbali, jambo la kwanza baada ya salamu ni, "Hebu nikutazame, mwanangu. Mbona umekonda?" Jibu la swali hilo si idadi ya kilo. Jibu ni "Kazi tu, shangazi," au ni kunyamaza, na kunyamaza huko shangazi hukusoma mpaka mwisho wake. Swali halikuwa la umbo. Lilikuwa swali la chakula, la mume, la mama mkwe, la mimba iliyoharibika, la homa ambayo haikutajwa katika barua.

Wanaosomesha ushairi wataitambua kanuni hii, kwa kuwa Kiswahili kimetumia neno moja, "mizani", kwa chombo cha muuza nyama na kwa hesabu ya silabi. Mizani ya shairi haiagizwi kutoka nje ya shairi. Ubeti wa kwanza ukifungwa kwa nane kwa nane, beti zinazofuata huhukumiwa kwa huo. Utenzi wa mizani nane haulaumiwi kwa kutofika kumi na sita. Kinachoitwa guni ni utungo uliojipotoka wenyewe. Mwili nao, katika usemi wa kila siku, huhukumiwa kwa ubeti wake wa kwanza.

Fasihi ya kale inathibitisha jambo hili kwa njia ya kunyamaza. Katika Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, mafunzo ya kujipamba yanachukua beti kadhaa na hayapungukiwi na kitu. Mna njuga na bangili, mna kidani, mna pete, hina, wanja wa macho na wa nyusi, mna marashi na dalia. Wahakiki wamebishana sana kama utenzi huu ni wa kumtumikisha mwanamke au ni wa kumpa hekima ya kuishi katika dunia asiyoitunga yeye, na ubishi huo haujaisha. Lakini jambo moja halibishaniwi, kwa maana halimo: mama huyo hakumwambia binti yake awe na mwili wa kiasi gani. Uzuri aliomwusia ni kazi ya mikono, ni kitu cha kutendwa na kurudiwa kila siku. Methali isemayo kwamba mke ni nguo na mgomba ni kupaliliwa inasimama mahali hapohapo, ijapokuwa ina kasoro yake ya kumfanya mke kuwa shamba la mtu mwingine. Hata katika mmoja wa tumbuizo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, ule wa kumsifu mwanamke, sifa hushuka kiungo kwa kiungo, kila kiungo kikipewa mfano wake, bila ya jumla kujumlishwa. Msomaji akimaliza hajui kama bibi huyo alikuwa mnene au mwembamba, na hajihisi kwamba amepunjwa.

Ushahidi mzito kuliko huo umo katika kitambaa. Mkaja ni nguo anayojifunga mwanamke tumboni, hasa baada ya kujifungua, ili tumbo lirudi. Mkaja ni pia jina la zawadi apewayo mama wa bibi arusi, kwa kukumbuka mkanda aliojifunga alipomzaa mwali huyo. Lugha imeuchukua mwili uliotanuka na kulegea, ikaupa jina, kisha ikaufanya jina hilo kuwa deni ambalo mkwe hana budi kulilipa. Na neno "uzito" lenyewe lilikwisha kuwa na kazi kwa mwanamke kabla ya chati kufika: mja mzito ni yule mwenye mimba. Uzito huo hauulizwi kama ni wa kawaida. Huulizwa ni wa miezi mingapi.

Riwaya ya kisasa imeurithi mtindo wa kuusoma mwili kama habari, na mara nyingine imeutia chumvi kupita kiasi. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), msomaji huujua mwendo wa maisha ya Maimuna kwa jinsi mwili wake unavyochakaa kwa ulevi na kwa maisha ya danguro. Mwandishi anafanikiwa, kwa sababu kila badiliko lina chanzo chake na mtu wa kulaumiwa. Ila waandishi waliomfuata mtindo huo kwa uvivu wametuletea kundi zima la wahusika wa kike ambao wakikosea hukonda na wakitubu hunawiri, hata mwili wa mwanamke ukawa daftari la hesabu za dhambi. Mhakiki anayesifu mizani ya ndani hana budi kuliona hili: mwili unaosomwa kama habari ni mwili usiokuwa na siri.

Wala si kweli kwamba Kiswahili ni mpole. Ngeli zake zina fimbo. Katika sarufi ya shule nomino hupangwa kwa wastani, ukubwa na udogo, na mwanamke anayetoka katika wastani hutolewa pia katika utu: huwa "jimama", huwa "pande la mtu", huwa "kisichana". Mwanamume wa miraba minne anasifiwa. Mwanamke hana miraba. Kitenzi "nona" ni cha mbuzi na ng'ombe, na akitajwa nacho mwanamke, msemaji anafikiria ama kisu ama kitanda. Ukondefu haukuachwa nyuma, kwani aliyekonda hufananishwa na ng'onda, samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani. Na anaposemwa mke kwamba "hana mwili", mara nyingi anayetukanwa ni mumewe, naye mwenye mwili akiwa ni kipaza sauti cha tusi tu.

Mahali ambapo mizani ya nje ilitumika katika sehemu hizi kabla ya hospitali, matokeo yake hayakuwa ya kutamanika. Mfano mmoja umo katika maandishi ya John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Karagwe, magharibi mwa Tanzania ya leo, mnamo Novemba 1861, akiwa na msafara wa waungwana wenye kusema Kiswahili na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay. Katika jumba la mfalme Rumanyika wake wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama, kwani unene wao ulikuwa tangazo la wingi wa ng'ombe. Speke alitaka kumpima shemeji mmoja wa mfalme, akamshawishi kwa kuahidi kwamba yeye mgeni naye atamwonyesha mikono na miguu yake iliyo wazi, na bibi huyo akakubali. Vipimo vikachapishwa London mwaka 1863: mkono kiasi cha sentimita 58 kwa mzunguko, kifua 132, paja 79, kimo karibu 173. Binti yake wa miaka 16 alikuwa kando akinywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo.

Kifungu hicho hutajwa mara kwa mara kama kioja cha mila. Kinastahili kusomwa kwa namna nyingine. Katika chumba kile mlikuwa na kawaida mbili zilizokutana, ya mwenye fimbo na ya mwenye utepe, na zote mbili zilikuwa na jumla iliyoamuliwa kabla ya mwanamke kuingia. Bibi yule alikubali kwa ahadi ya mgeni mwenyewe, ya kwamba atakayepima naye atazamwe.  Na anayetaja Karagwe kuwa ushahidi kwamba Mwafrika hupenda unene amesahau fimbo: kinachopendwa hakihitaji kushikiwa ufito.

Historia ya karibu nayo inaonyesha kwamba hata sifa za unene zina tarehe zake. Katika miaka ya 1980 ugonjwa mpya ulipoonekana kusini mwa Uganda, watu waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba, nao Waganda wakalitamka "silimu". Jarida la Lancet liliuandika kwa jina hilo mwaka 1985. Kwa muda wa miaka ishirini hivi katika Afrika Mashariki yote, "amekonda" halikuwa neno la kutamkwa ovyo. Mwanamke aliyepungua kwa kufunga au kwa kazi ya shamba alijua kwamba majirani wanahesabu. "Ana afya" likawa jina la adabu la unene, na "amekwisha" likapata maana ambayo mwanzoni haikuwa ya mwili peke yake. Kusema kwamba watu wa siku zile walipenda unene ni kusema nusu ya jambo. Waliogopa kilio. Na tangu dawa zilipopatikana, vijana wa mijini wamegeukia misemo mingine, kama "umbo namba nane" na "kimodo". Inafaa kuangaliwa kwamba namba hiyo ya nane haihesabu chochote. Ni mchoro tu. Hata ilipoazima tarakimu, lugha ya mtaani ilikataa kupima.

Basi mfasiri angeandika nini? "Uzito wa wastani" hautoshi, ijapokuwa una heshima ya sarufi na hauna lawama, kwa sababu wastani ni hesabu ya watu waliopo na hupanda kila wanapopanda. "Uzito bora" ni maneno ya mashindano. Linalofaa zaidi ni "uzito unaofaa kiafya", si kwa uzuri wake, maana ni refu na halina mvuto, bali kwa sababu linataja kipimo chake. Kitenzi "faa" hakikai peke yake. Msikilizaji ana haki ya kuuliza unafaa kwa nini na kwa nani, na muuguzi anaweza kujibu: kwa moyo, kwa sukari, kwa magoti. "Kawaida" haliruhusu swali hilo. Huko Asia wataalamu wa afya walikwisha kuliuliza, na mwaka 2004 jopo la Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba watu wa huko wachukuliwe hatua mapema, tangu 23. Shirika hilo hutumia pia mzunguko wa kiuno, ambapo hatari kwa mwanamke huhesabiwa kuanza kupanda kwenye sentimita 80. Hesabu ya Quetelet haiwezi kusema mafuta yamekaa wapi, kiuno kinaweza. Mwanamke aliyewahi kujifunga mkaja haambiwi jambo geni anapoelezwa kwamba habari iko tumboni.

Itapingwa kwamba muuguzi mwenye foleni ya watu hana nafasi ya maneno marefu. Lakini kliniki hizohizo zimekuwa zikimpima mtoto kwa njia nyingine kwa miaka mingi. Kadi ya mtoto ina mistari ya mfano iliyochapishwa, ndiyo, ila muuguzi aliyefunzwa vizuri hutazama kwanza mstari wa mtoto mwenyewe: ulikuwa wapi mwezi uliopita, unapanda, umelala, au unashuka. Humwuliza mama kulikuwa na nini nyumbani mwezi ule mstari ulipolala. Mama hubeba kadi hiyo mkobani kwa miaka mitano. Kisha siku moja yeye mwenyewe hupanda juu ya mizani katika chumba kilekile, bila kadi, na huambiwa neno moja.